Mashine Namba Mbili Inakusalimu

Jumatatu, 9 Septemba

Siku mbovu. Bwana Mvuke, dobi wa ng'ambo ya barabara, ameleta mashine zinazotuma ujumbe. Wallahi! Unamwachia nguo, unaenda zako, na zikimaliza kufuliwa mashine yenyewe inakuandikia kwenye simu kuwa ziko tayari. Nimesimama dirishani asubuhi nzima nikiangalia wateja wangu wa siku zote wakivuka barabara na vifurushi vyao. Wengine wanajifanya hawanioni. Mmoja alijifunika uso kwa shuka lake mwenyewe, nami nikalitambua shuka.

Hilo ningelimeza. Lakini mchana Bwana Mvuke kavuka kuja kwangu, mikono mfukoni, anauza sura. Akamsalimu mke wangu, akamwita shemeji. Shemeji! Tangu lini mimi na yeye tukawa ndugu? Akamwambia mbele yangu, bila haya, kwamba mashine zake zinajua kila kitu isipokuwa kunyoosha kola, na kwamba kwa kola mtaa mzima hakuna wa kumfikia yeye. Anamtaka akawe msimamizi wa pasi kwake. Mke wangu akasema atafikiri. Jibu atampa Ijumaa.

Atafikiri! Duka hili ni yeye. Mimi nafua tu, watu wanaifuata pasi yake. Akivuka barabara nimekwisha, nitabaki na ndoo na kamba. Na tukiacha duka, mchana kutwa nitakuwa namtazama nani? Nitaumia, najijua. Haya sikumwambia. Nilimwambia wanga wa kutilia kola umekaribia kuisha.

Lakini dawa nimeshaipata. Mashine zangu nazo zitaongea, na zitaongea kabla ya Ijumaa.

Jumanne, 10 Septemba

Nimekwenda kwa fundi simu wa pale kwenye kona. Ana dharau kidogo lakini anajua kazi. Nikamuuliza mashine inawezaje kuandika. Akasema jambo hilo linaitwa intaneti ya vitu. Kitu chochote unakitia kihisi, yaani kidude kidogo cha kupima, unakiunganisha na mtandao, basi kinaanza kutoa habari zake: joto lake, mwendo wake, kama kimefunguliwa au kimefungwa. Taa, friji, geti, saa, hata chungu cha maua. Vinapashana habari vyenyewe bila mtu kuvituma. Nikamuuliza nani anavifundisha adabu. Hakuelewa swali.

Nikamuuliza kama pasi inaweza kusikia. Akasema pasi inaweza kujua joto lake na kulitangaza. Itamtangazia nani? Yeyote uliyempa ruhusa. Nikamwambia mimi sijampa mtu ruhusa. Akaniomba nisogee ahudumie wengine.

Nimerudi nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda. Nimeikodolea macho ndoo. Hivi ndoo ikitiwa kihisi itajua nini? Kwamba imejaa. Hilo hata mimi nalijua, nikiichungulia. Na kamba ya kuanikia ikianza kupashana habari na vibanio, vitamsema nani kama si mimi? Kuanzia leo nikiwa karibu na birika nitaongea kwa sauti ya chini. Huwezi kujua.

Kitu kimoja nimekielewa vizuri. Bila mtandao hakuna kitu, na mtandao uko kwenye laini. Nikanunua laini mpya, nikaitia kwenye simu yangu ya zamani, nikaibandika kwa selotepu juu ya mfuniko wa Mashine Namba Mbili. Namba Moja inavuja, haifai kupewa madaraka. Nikawasha. Nikavuta kigoda, nikakaa kungoja ujumbe. Moyo ulikuwa unanienda mbio, sitaficha.

Ikafika zamu ya kukamua. Mashine ikaanza kutetemeka, selotepu ikaachia, simu ikateleza mpaka ndani ya ndoo ya maji ya buluu ya kung'arishia nguo nyeupe. Lahaula! Nimeitoa ikiwa ya buluu. Mke wangu akachungulia, akauliza simu ilikuwa inafanya nini juu ya mashine. Nikamwambia nilikuwa naianika juani. Akatazama dari. Akarudi kwenye pasi yake.

Jumatano, 11 Septemba

Simu imekauka. Inafanya kazi, ila kila kitu kwenye kioo kimekuwa buluu, na watu wote kwenye picha wanaonekana wagonjwa.

Usingizini nimepata akili. Kama mashine haiwezi kuandika, si iandikiwe! Nani atajua? Sekretari anamwandikia bosi wake na hakuna anayelalamika. Nimeandika ubao, nimeuweka mlangoni: MASHINE ZETU SASA ZINAONGEA. Nikaenda kujibanza nyuma ya tangi la maji, nikatuma ujumbe wa kwanza kwa Mwalimu Mstaafu, mteja wangu wa zamani anayeishi peke yake nyumba ya tatu kutoka hapa. Nikaandika: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mashine Namba Mbili. Suruali zako nimezimaliza. Bosi wangu ni mchapakazi sana.

Mwalimu akajibu marahaba papo hapo! Akasema mashine za Bwana Mvuke hazina hata salamu. Habari ikazagaa. Mpaka saa sita wateja walishaanza kurudi, na wote wanataka kuzungumza na Namba Mbili. Anayeuliza hali ya hewa, anayeuliza aolewe au asiolewe. Mama mmoja akaandika kuuliza kama ni kweli bosi alikwenda arusini na suti ya mumewe. Namba Mbili ikajibu kuwa hayo ni uzushi mtupu, na kwamba hata hivyo koti lilikuwa linabana mabegani.

Alasiri Mwalimu kaja mwenyewe, mnyonge kama aliyefiwa. Kumbe ana mkasa wake. Binti yake aliye mbali amemtumia saa ya mkononi ya hii hii intaneti ya vitu. Mwalimu akitembea, binti anajua. Akilala mchana, binti anajua. Moyo ukibadilika mwendo, simu ya binti inalia. Kila jioni anapigiwa na kugombezwa kuwa hajatembea, yeye aliyegombeza watoto wa watu maisha yake yote! Juzi akaisahau saa kwenye mfuko wa suruali, suruali ikaja kwangu, ikazunguka humo ndani mchana mzima. Jioni binti akapiga simu analia kwa furaha kwamba baba kakimbia kuliko vijana. Sasa Mwalimu anaomba saa iwe inafuliwa kila siku.

Nikamwambia kufua saa ni hatari, bora niivae mimi. Si nasugua, nakamua, napanda ngazi ya kuanikia? Nitatembea badala yake. Akanishika mikono yote miwili, karibu anilie begani. Kaondoka mkono mtupu akalale. Kwa hiyo kuanzia leo mikono yangu ndiyo miguu ya Mwalimu. Na nyuma ya tangi mimi ni mashine. Sijui dobi ni nani tena.

Alhamisi, 12 Septemba

Mke wangu kaiandikia mashine!

Mimi nilikuwa kwenye kigoda changu, yeye nyuma ya pazia anapiga pasi. Simu ya buluu ikalia. Kutazama, namba yake. Anaijulia hali Namba Mbili. Ningenyoosha mkono ningemgusa! Nikajikaza kisabuni, nikajibu kwamba mimi mzima, nazunguka. Akauliza bosi yuko wapi. Nikajibu yupo, anafua kwa bidii. Akaandika kwamba ni ajabu, maana hasikii maji, anasikia redio ya mume wake tu. Nikaizima redio. Akaandika asante.

Kisha ukaja ujumbe mrefu. Maneno yake yote ya mwezi ameipa mashine kwa mkupuo mmoja. Anasema mtaa mzima umeshaelezwa na mume wake kwamba Bwana Mvuke ni mwizi wa wake za watu. Kinyozi anajua, muuza magazeti anajua, fundi simu anajua. Yeye mwenyewe hajaambiwa neno. Hataki mashine zinazoongea. Yuko radhi kubaki na Namba Moja inayovuja na ndoo yake, maadamu mume wake atamwambia kwa mdomo wake kwamba anataka abaki. Hilo tu. Kesho saa saba anakwenda kutoa jibu. Mwisho akaandika kuwa chai iko kwenye chupa, Namba Mbili inywe kabla haijapoa.

Nimesoma nikarudia. Sielewi kabisa. Kwanza chai. Mashine itakunywaje chai? Nimeinywa mimi isiharibike. Pili, mambo ya ndani ya nyumba unamweleza vipi mfua nguo asiye na masikio? Mume yupo, mzima, hatua moja kutoka hapo! Nimefikiri mpaka kichwa kikaniwanga, nikafikia uamuzi: mke wangu anaiamini mashine kuliko anavyoniamini mimi. Wivu ukanipanda. Nikaipiga Namba Mbili teke. Kidole kimevimba.

Halafu hasira zikatulia, nikaona mwanga. Kama anaisikiliza mashine, basi mashine ndiyo itakayombembeleza! Mimi nikisema kwa mdomo wangu nitababaika, najijua, nitaishia kwenye habari za wanga. Namba Mbili haina haya. Kwa sasa nimemjibu tu: Ombi lako limepokelewa. Barua yenyewe nitaitunga kesho kwa utulivu.

Jioni nyumbani alikuwa mchangamfu kuliko kawaida. Akaniuliza kama nina neno lolote la kumwambia. Nikamwambia sina, kwani kuna nini? Akaondoa vyombo kwa kelele nyingi.

Ijumaa, 13 Septemba

Yaliyotokea leo sijui niyaandike vipi. Nitayaandika hivyo hivyo.

Nilikwenda nyuma ya tangi mapema kutunga ujumbe wa Namba Mbili. Nikaanza hivi: Mimi kama mashine naona ubaki. Nikafuta, haina uzito. Nikaandika: Bosi wangu bila wewe hawezi kuona vizuri. Nikafuta, atafikiri ni ugonjwa wa macho. Nikaandika tena: Mimi mashine, tangu niletwe hapa, kitu pekee kinachonifanya nizunguke kwa furaha ni kukusikia ukiimba nyuma ya pazia. Hapo machozi yakanilenga. Sikujua mashine ina mambo ndani yake namna hiyo.

Kabla sijatuma, akatangulia yeye. Anasema anavaa viatu, saa saba imekaribia. Anauliza mara ya mwisho: bosi anataka abaki au hataki? Loo! Moyo ukanienda kasi, jasho hili. Nikawa nagusa herufi nisizozitaka.

Sikuikumbuka saa. Saa ya Mwalimu mkononi mwangu! Moyo wangu ulivyopiga, saa ikamwambia binti kwamba baba yake yumo hatarini. Binti akapiga simu ya baba. Baba kalala fofofo, hapokei. Kumbe saa inataja hata mahali ilipo, fundi simu hakunieleza hilo. Ikamwambia kuwa Mwalimu yuko dukani kwangu. Binti akapiga namba ya duka analia, mke wangu akapokea. Mke wangu akakimbia zahanati ya jirani, akarudi na muuguzi na watu wawili wa machela. Bwana Mvuke, kimbelembele kama kawaida, kavuka barabara kuja kusaidia. Wateja wa foleni nao wakafuata.

Nikasikia wanamtafuta Mwalimu. Wamefunua mashuka. Wamechungulia ndani ya Namba Moja. Nikashangaa Mwalimu kaingia saa ngapi. Nikataka kutoka nikawasaidie kutafuta, lakini nikitoka na simu ya buluu itakuwaje? Nikajibanza zaidi. Ndipo muuguzi akazunguka tangi, akaniona nimechuchumaa, nimelowa jasho, natetemeka. Hakuuliza jina. Akanibwaga chali kwenye machela, akanifungua vifungo, akasema huyu hapa mzee wetu. Mzee! Nilikuwa nimetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

Simu ikaniponyoka. Bwana Mvuke akaiokota. Akaanza kusoma kwa sauti, mbele ya wateja wote: Mimi mashine, tangu niletwe hapa. Kasoma mpaka kwenye pazia na kuimba. Kicheko kimoja kikaanza huko nyuma, vikafuata vingine. Mama wa suti akasema alijua tu, habari za mabegani mashine ingezijulia wapi. Ningeomba ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimefungwa mikanda.

Mke wangu hakucheka. Alikuja akasimama karibu na kichwa changu. Akaniambia kwa upole, taratibu kabisa, kwamba tangu jana alijua anaandikiana na nani, na kwamba maneno ni mazuri. Sasa anataka kuyasikia bila simu. Niseme tu, anataka kubaki.

Bwana Mvuke akatazama chini. Nikafungua mdomo. Nilikuwa nayo yote, wallahi, yalikuwa yamejipanga kooni. Lakini siku mbili nzima nimekuwa mashine, na ulimi ukaenda ulikozoea. Nikasikia sauti yangu inasema: Ombi lako limepokelewa.

Mke wangu hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Akaingia ndani, akachukua pasi yake, akakunja waya vizuri, akavuka barabara.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimepiga pasi mwenyewe. Shati jeupe la karani wa mahakama sasa lina alama ya pasi mgongoni, umbo kamili mpaka ncha. Karani ameuliza kama hiyo ndiyo nembo mpya ya duka.

Mwalimu kaja kuchukua saa. Binti yake anasafiri kuja kumwona, na atakaa naye wiki tatu. Mwalimu hanisemeshi.

Ng'ambo wamefunga pazia jipya. Nimezima redio nikasikiliza. Kuna malori mengi barabarani, sikusikia kitu.

Jumapili, 15 Septemba

Nimeelewa! Siku zote hizi nilikuwa gizani, leo nimeielewa intaneti ya vitu kuliko fundi simu. Nimefikiri hivi. Mashine haiandiki. Nani wa kunidanganya hapo? Mimi mwenyewe nimekuwa mashine! Basi hata za Bwana Mvuke haziandiki. Lazima kuna mtu kajibanza mahali anaziandikia. Na mtu huyo sasa ni nani, kama si aliyeajiriwa juzi, mwenye akili, mwenye mwandiko mzuri? Mke wangu!

Jana jioni nilimpa kinyozi shati langu alipeleke kwa Bwana Mvuke kwa jina lake, ili nipate namba ya mashine. Leo baada ya kuoga nimeketi barazani nikamwaga moyo wote. Sikuficha kitu. Nimeandika kwamba duka halina raha. Kwamba nampenda tangu siku ile ya kwanza aliponinyooshea kola bila mimi kuvua shati. Kwamba nilikosea na nataka arudi nyuma ya pazia lake aimbe. Kwa mara ya kwanza maishani nimesema yote. Nikatuma.

Jibu likaja hata sijaweka simu chini. Limesema: Asante kwa kuwasiliana nasi. Mzigo wako uko hatua ya kusuuza.

Hatua ya kusuuza! Moyo uliniruka. Maana yake hasira zimeshaanza kutoka. Bado kukamua na kuanika tu. Nikamuuliza ananipenda bado. Akajibu: Asante kwa kuwasiliana nasi. Tafadhali subiri. Ni mwanamke mwenye heshima, hawezi kujirahisisha. Nikamwandikia kuwa nitasubiri hata mpaka mwaka kesho. Akaniuliza kama nimeridhika na huduma, nijibu kwa namba kuanzia moja hadi tano. Nimempa tano. Machozi yananitoka.

Mke wangu ametoka jikoni sasa hivi, kasimama mlangoni na kanga yake kiunoni. Anasema chakula kiko mezani. Anasema Jumapili ni siku yake ya mapumziko, tunaweza kukaa, na kama nina neno la kumwambia anasikiliza. Nimemwonyesha kwa mkono anisubiri kwanza, niko kwenye mazungumzo mazito ya ndoa yangu.